OraQuick ya kujipima VVU: kifaa kizuri, mradi ujue kinapima nini

Tunakipa kifaa hiki alama za juu kwa sharti moja: anayekitumia ajue kwamba hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili wenyewe umezitengeneza baada ya kukutana na kirusi. Karibu kila lalamiko linalosikika juu yake, kwamba kimedanganya, kwamba hospitali wametoa jibu tofauti, kwamba leo kimesema hivi na mwezi uliofuata kikasema vile, linaelezeka ukishalishika jambo hilo.

Kwa asiyekijua: OraQuick ni kijiti cha plastiki kinachopima VVU kwa majimaji ya fizi, bila kuchoma kidole. Kinatengenezwa na kampuni ya OraSure ya Marekani. Marekani kiliruhusiwa kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani mwaka 2012. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watu kujipima wenyewe mwishoni mwa 2016, na mwaka uliofuata likakiweka kifaa hiki kwenye orodha ya vipimo lilivyovithibitisha. Kenya ilizindua kujipima mwaka huohuo wa 2017. Tanzania ilibidi kwanza ibadili sheria: marekebisho yaliyopita bungeni Novemba 2019 ndiyo yaliyoruhusu kujipima, na yakashusha umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Kwenye vituo vya umma na kwa watoa huduma wa jamii mara nyingi hutolewa bure. Kwenye maduka ya dawa bei hutofautiana sana, kwa hiyo uliza zaidi ya duka moja.

Ndani ya pakiti

Utakuta kifuko kilichogawanyika sehemu mbili. Upande mmoja una kijiti chenyewe pamoja na kipakiti kidogo cha kukausha unyevu, upande wa pili una kichupa cha majimaji, kama mililita 1 hivi. Kuna pia kisimamio cha plastiki cha kushikia kichupa, na karatasi ya maelekezo yenye picha. Kipakiti cha kukausha unyevu si cha kula wala si sehemu ya kipimo, lakini kisipokuwepo, usitumie kijiti hicho. Unyevu ukishaingia, ukanda wa karatasi ulio ndani huharibika hata kama kwa macho unaonekana mzima.

Kijiti kina pedi bapa upande mmoja na kidirisha cha majibu katikati. Pembeni ya kidirisha kuna herufi mbili: C ni mstari wa kuhakikisha kwamba kipimo kimefanya kazi, T ni mstari wa kipimo. Ndani umelazwa ukanda ambao majimaji huupanda kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa kibatari. Yakiwa njiani hukutana na chembechembe ndogo mno za dhahabu zilizopakwa protini A, ambayo hushika kingamwili za aina ya IgG. Zikishashikana, zinapanda pamoja hadi kwenye mstari wa T, ambako kumepakwa vipande vya protini vilivyotengenezwa maabara kwa mfano wa ganda la kirusi: gp41 kwa VVU aina ya 1 na gp36 kwa aina ya 2. Kama kati ya kingamwili zako zimo za kupambana na VVU, zitanasa hapo na dhahabu itajikusanya hadi ionekane kama mstari wa zambarau au wekundu uliofifia. Kama hazimo, zinapita.

Kuna jambo moja kwenye mstari wa C linalostahili sifa. Vifaa vingi vya namna hii huonyesha C hata ukiweka maji matupu, maana C yao inathibitisha tu kwamba majimaji yamepanda. Kwenye OraQuick, mstari wa C hunasa kingamwili za binadamu za aina yoyote. Ikitokea hukupangusa fizi, au umepangusa ulimi ukabeba mate matupu yasiyo na kingamwili za kutosha, C haiji na kipimo kinahesabika kimeharibika. Kwa kifaa anachotumia mtu aliye peke yake chumbani, huo ni ulinzi mkubwa.

Kutumia bila kukosea

Usile wala kunywa kitu kwa dakika 15 kabla ya kupima. Kama umepiga mswaki au umesukutua kwa dawa ya kinywa, ngoja dakika 30. Meno ya bandia yavuliwe. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha tafuta mahali penye mwanga wa kutosha, meza isiyoyumba, na saa.

Fungua kichupa kwanza, kabla ya kijiti. Watu wengi hufanya kinyume, halafu wanabaki wameshika kijiti chenye sampuli mkono mmoja huku wakihangaika na kizibo kwa mkono wa pili, na majimaji yanamwagika. Kizungushe kizibo taratibu, kichupa kikiwa wima, kisha kiweke kwenye kisimamio. Majimaji hayo usiyanywe, usiyamimine, usiyapunguze.

Toa kijiti bila kugusa pedi. Weka pedi pale fizi inapokutana na meno, upangushe fizi ya juu yote kutoka upande mmoja hadi mwingine, mara moja. Kisha fizi ya chini, mara moja. Basi. Usipanguse kaakaa, wala ndani ya shavu, wala ulimi, na usirudie mara tatu nne kwa kudhani unaongeza uhakika. Kinachotafutwa ni majimaji yanayochuja kutoka kwenye mishipa midogo ya damu iliyomo kwenye fizi, ambayo hubeba IgG kutoka kwenye damu. Mate yenyewe hutoka kwenye tezi nyingine na yana IgG kidogo sana. Hapo pia ndipo linapopatikana jibu la swali linaloulizwa kila mara: kupimwa kinywani hakumaanishi kwamba VVU huambukizwa kwa mate. Kilichochukuliwa kinywani ni kingamwili.

Chomeka pedi kwenye kichupa hadi iguse chini, kidirisha kikutazame wewe. Andika saa. Usikitoe tena.

Ndani ya dakika chache utaona wekundu hafifu ukipanda kwenye kidirisha kizima. Wengi hushtuka hapa. Ni dhahabu inayopita, na itaondoka yenyewe hadi kidirisha kibaki cheupe chenye mstari mmoja au miwili. Soma kati ya dakika ya 20 na ya 40. Kabla ya hapo mstari dhaifu wa T unaweza kuwa haujajitokeza, na mtu aliyesoma dakika ya 10 akaenda zake anaweza kuwa ameacha jibu nyuma. Baada ya dakika 40 kijiti hakisomeki tena kwa uhakika, hata mstari mpya ukitokea. Ukikikuta asubuhi kwenye kabati, usikipe maana yoyote.

C peke yake: kingamwili za VVU hazikuonekana. C na T: zimeonekana, hata kama T imefifia kiasi cha kukodoa macho. Hapa tusisitize, maana ndipo makosa ya kusoma hutokea zaidi. Upauko wa T haumaanishi maambukizi kidogo, wala hautoi jibu la nusu. Unamaanisha kingamwili zilizonaswa ni chache, pengine kwa sababu maambukizi ni mapya, pengine kwa sababu mtu yuko kwenye dawa, pengine kwa sababu sampuli ilikuwa ndogo. C isipotokea, au wekundu ukakataa kuondoka baada ya dakika 20, au mstari ukawa haujavuka kidirisha upande hadi upande, kijiti kimeharibika na unahitaji kingine. Hakuna kijiti kinachotumika mara mbili.

Kwa nini kinachelewa

Hapa ndipo penye udhaifu mkubwa wa kifaa hiki, na sababu iko kwenye mwendo wa kinga ya mwili.

Kirusi kinapoingia, kwa siku kama 10 hivi za mwanzo hakuna kipimo chochote cha damu kinachokiona. Kinazaana kwenye utando kilipoingilia na kwenye tezi za limfu zilizo karibu, ndani ya chembe CD4, ambazo ndizo zinazoratibu kinga nzima. Baada ya hapo chembe za urithi za kirusi huanza kuonekana kwenye damu. Takriban wiki moja mbele inaonekana protini yake ya p24. Ni baada ya hayo, mara nyingi wiki ya tatu au ya nne, ndipo kingamwili zinapojitokeza.

Kuchelewa huko ni kwa kawaida kabisa. Chembe B, ambazo ndizo mama wa kingamwili, hazikurupuki. Kwanza lazima chembe walinzi zibebe vipande vya kirusi hadi kwenye tezi za limfu. Kati ya mamilioni ya chembe B, zile chache ambazo umbo lao linalingana na vipande hivyo huamshwa, hupata msaada wa chembe T, hugawanyika kwa siku kadhaa, kisha hugeuka viwanda vya kumwaga kingamwili. Zinazotangulia ni za aina ya IgM. IgG, ambazo hudumu na hushika vizuri zaidi, hufuata. Kingamwili za mwanzo kabisa dhidi ya VVU huwa zinalenga gp41, na kwa hiyo watengenezaji walichagua vyema walipoweka kipande hicho kwenye mstari wa T. Lakini protini A iliyopakwa kwenye dhahabu inapenda IgG, na IgM inaishika kwa udhaifu. Isitoshe, kiasi cha IgG kwenye majimaji ya fizi ni kidogo mara mamia kuliko kilichomo kwenye damu. Jumlisha hayo mawili: kifaa kinasubiri IgG zitengenezwe, zijae kwenye damu, ndipo zichuje za kutosha hadi kwenye fizi.

Kwa hesabu za siku, kipimo cha chembe za urithi za kirusi kinaweza kuona maambukizi kati ya siku 10 na 33 tangu kuingia kwa kirusi. Kipimo cha maabara cha damu ya mshipa kinachotafuta p24 pamoja na kingamwili: siku 18 hadi 45. Vipimo vya haraka vya kingamwili, vikiwemo vya kujipima: siku 23 hadi 90. Hicho ndicho kipindi cha dirisha. Jibu la mstari mmoja linahusu hali yako ya miezi mitatu iliyopita. Tukio la wiki jana haliligusi.

Kuna mtego hapo. Wengi wa wanaoambukizwa hupata homa, maumivu ya koo, vipele, kuvimba tezi na uchovu kati ya wiki ya pili na ya nne. Hizo ni dalili za kinga iliyochachamaa huku kirusi kikiwa kimejaa kwenye damu kwa wingi ambao huenda kisiufikie tena kwa miaka. Mtu anashtuka, ananunua OraQuick, anapata mstari mmoja, anapumua, halafu anaendelea bila kondomu katika siku ambazo uwezo wake wa kuambukiza uko juu kuliko wakati mwingine wowote. Kwa homa ya namna hiyo baada ya tukio la hatari, nenda kituo chenye kipimo cha damu cha maabara na ueleze tarehe ya tukio. Kama tukio ni la chini ya saa 72 zilizopita, achana kabisa na kujipima na uwahi kituoni kuulizia PEP, dawa za siku 28 za kuzuia maambukizi. Kila saa inayopita inapunguza nguvu yake, na hakuna kijiti duniani kitakachokuonyesha kitu saa hizo.

Yupo pia anayesema: mbona mRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, inaonyesha nikiwa mgonjwa tu, na hii ya VVU inabaki hivyo milele? Kwa sababu mRDT inatafuta protini ya vimelea vya malaria wenyewe. Vimelea vikifa, protini hiyo huisha kwenye damu baada ya wiki kadhaa. Kingamwili za VVU hazina mwisho huo kwa kuwa kirusi hujipachika ndani ya vinasaba vya chembe za mwili na hakiondoki, na kinga huendelea kukumbushwa. Kingamwili hizo, pamoja na wingi wake, hazimalizi kazi: kirusi hubadilisha ganda lake upesi kuliko zinavyoweza kukifuata, na sehemu zake nyeti kimezifunika kwa sukari zinazofanana na za mwili wenyewe.

Wasiopaswa kukitumia

Anayetumia ARV. Hili ndilo tatizo linalotusumbua kuliko mengine yote. Kuna watu walio kwenye dawa ambao hujipima kuangalia kama wamepona, wakati mwingine baada ya maombi au mitishamba. Dawa zikifubaza kirusi kwa miaka, vichocheo vya kinga hupungua na kingamwili zinaweza kushuka hadi chini ya kiwango ambacho kijiti cha fizi kinakiona. Aliyeanza dawa mapema sana baada ya kuambukizwa anaweza hata asiwahi kujenga kingamwili za kutosha. Mstari mmoja kwa mtu huyo haumaanishi kwamba amepona, na akiziacha dawa, kirusi hurudi kwenye damu kwa kawaida ndani ya wiki chache. Maendeleo yake yanapimwa kwa wingi wa virusi kwenye damu, kipimo kinachofanyika CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu kwa wenye VVU.

Anayetumia PrEP, dawa za kujikinga kabla ya kukutana na kirusi, naye awe na tahadhari kwa sababu inayokaribiana na hiyo. Akiambukizwa wakati dawa iko mwilini, kirusi huzaana kwa kubanwa na kingamwili huchelewa. Kwa sindano ya muda mrefu ya cabotegravir ucheleweshaji huo umeonekana kuwa mrefu zaidi. Fuata ratiba ya vipimo uliyopewa kliniki, na kijiti cha nyumbani kisichukue nafasi yake.

Watoto wachanga hawapimwi kwa hiki. IgG za mama huvuka kondo la nyuma na kubaki kwenye damu ya mtoto hadi karibu miezi 18. Mistari miwili kwa mtoto wa miezi sita inakwambia habari za mama yake. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU hupimwa vinasaba vya kirusi, kwa kawaida kuanzia wiki ya sita, kwa tone la damu la kisigino linalokaushwa kwenye karatasi maalumu na kupelekwa maabara. Maelekezo ya OraQuick yenyewe yanakataza kukitumia kwa aliye chini ya miaka miwili.

Waliowahi kuchanjwa kwenye majaribio ya chanjo ya VVU nao kiwapite. Hawa ni wachache, lakini wapo kwetu: jaribio la PrEPVacc, lililositisha chanjo mwaka 2023, lilikuwa na washiriki Masaka, Mbeya, Dar es Salaam na Durban. Chanjo hufundisha kinga kutengeneza kingamwili hizohizo, kwa hiyo mshiriki anaweza kupata mistari miwili bila kuwa na kirusi. Arudi kwa watafiti wake, wana njia ya kutofautisha.

Na mgonjwa aliyedhoofika sana, mwenye magonjwa nyemelezi, asitegemee kijiti. Kinga iliyobomoka inaweza kushindwa kutoa kingamwili za kutosha. Apimwe damu siku hiyohiyo.

Usahihi wake

Kwenye utafiti uliotumika kukiruhusu Marekani, ambapo watu wa kawaida walijipima wenyewe, kifaa kilibaini takriban asilimia 92 ya wenye maambukizi. Maana yake katika kila 12 wenye VVU, mmoja aliambiwa hana. Upande wa pili kilifanya vizuri mno: kati ya watu wapatao 5,000 wasio na VVU, mmoja tu ndiye aliyepata mistari miwili ya uongo. Kikiwa mikononi mwa mhudumu aliyefundishwa, uwezo wa kubaini hupanda hadi juu ya asilimia 99. Tofauti hiyo ndiyo sababu tumerefusha maelezo ya kupangusa fizi na kusubiri dakika.

Mistari miwili haitoshi kuanza dawa. Tuseme, kwa hesabu tu, kifaa kinakosea kwa watu 5 katika kila 1,000 wasio na VVU, na kinabaini 98 katika kila 100 walio navyo. Chukua watu 1,000 wa Njombe, ambako maambukizi kwa watu wazima yamezidi asilimia 10: wenye VVU 100, kifaa kinawabaini 98, na kinawasingizia kama 5. Mistari miwili 103, karibu yote ya kweli. Sasa chukua 1,000 wa Zanzibar, ambako maambukizi hayafiki asilimia 1. Wakiwa 5 wenye VVU, watabainiwa 5, na watakaosingiziwa ni 5 vilevile. Kijiti ni kilekile, lakini uzito wa jibu umeshuka hadi nusu kwa nusu. Kwa sababu hiyo tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linataka vipimo vitatu tofauti vionyeshe maambukizi kwa kufuatana kabla mtu hajaambiwa ana VVU. OraQuick ya nyumbani haihesabiwi kati ya hivyo vitatu. Ukifika kituoni unaanza upya kwa damu, na mhudumu anayetaka kukuandikishia ARV kwa kuonyeshwa kijiti tu anakosea.

Mistari ya uongo nayo hutoka kwenye kinga. Kuna maradhi yanayochokoza chembe B kwa jumla, zikamwaga kingamwili za kila namna, baadhi zikashika kwa bahati kwenye mstari wa T. Malale na kichocho vimehusishwa na hali hiyo. Kwa hiyo mvuvi wa Ziwa Victoria aliyepata T hafifu asikate tamaa wala asipuuze. Aende apime damu, akiwa na kondomu mpaka majibu yatoke.

Joto, duka na njia mbadala

Kifaa kinahifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 30 za Selsiasi, na kinatumika mahali penye nyuzi 15 hadi 37. Kwa hiyo duka la bati lisilo na feni, Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, halifai. Protini zilizopakwa kwenye ukanda hupoteza umbo kwa joto, na ubaya wake ni kwamba kinachodhoofika kinaweza kuwa T huku C ikiendelea kuonekana. Ukikikuta kimepangwa dirishani kwenye jua, nunua kwingine. Kikitoka kwenye friji, kiache kipate joto la chumba kabla ya kukifungua, vinginevyo mvuke utaganda juu ya ukanda. Usikiache kwenye gari. Usinunue kijiti kimoja kilichotolewa kwenye pakiti yake bila karatasi ya maelekezo, hata kwa nusu bei.

Kama huogopi kuchoma kidole, kuna vya damu, na kwa uwezo wa kubaini maambukizi mapya damu ina nafasi nzuri zaidi kwa sababu kingamwili humo ni nyingi. INSTI ya Canada hutoa jibu karibu papo hapo kwa kumimina vichupa vitatu kwa kufuatana, na majibu yake ni vitone badala ya mistari. Ugumu wake ni tone la damu lenyewe: likiwa dogo, kitone cha uthibitisho hakitokei, na kisindano ni kimoja. Mylan, nayo ya tone la damu, husomwa baada ya dakika 15. Kwa mtu mwenye mikono isiyotetemeka tungependekeza cha damu. Kwa anayepima kwa mara ya kwanza, au mama aliyepewa kifaa kliniki ya wajawazito ampelekee baba wa mtoto, OraQuick ndiyo rahisi, na kurahisisha huko ndiko kunakowafikia wanaume ambao hawakanyagi kituo cha afya. Apewe kwa hiari yake. Sheria ya Tanzania inakataza kumlazimisha mtu kupima, na hiyo inahusu pia mume, mke, mwajiri na mzazi wa mchumba.

Ukimaliza, rudisha kizibo kwenye kichupa kama kinaingia, weka vyote kwenye kifuko chake na utupe kwenye taka mahali watoto hawafiki. Ukipata mstari mmoja na miezi mitatu haijatimia tangu tukio la mwisho, andika tarehe ya kurudia kwenye simu kabla hujatupa pakiti.